Oili ya injini: ibadilishwe baada ya kilomita ngapi?

Anza na kitabu cha gari. Kama huna, oili ya kawaida ibadilishe kila kilomita 5,000 au miezi 6, na ya sintetiki kamili (iliyoandikwa "full synthetic" kwenye kopo) kila kilomita 10,000 au mwaka mmoja. Kinachotangulia ndicho kinachohesabika. Gari la safari fupi fupi, vumbi au foleni lihudumiwe mapema zaidi, hata nusu ya hapo. Injini isipopata moto vya kutosha, maji na petroli hubaki ndani ya oili na kuzaa tope linaloziba njia zake.

Weusi wa oili peke yake usikutishe, hasa kwenye dizeli. Oili ya rangi ya maziwa ndiyo hatari: huenda maji ya rejeta yanaingia, basi usiendeshe.

Filta ya oili ibadilishwe kila unapobadilisha oili. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umegandia injini, maana mipira miwili ikipandana oili itamwagika yote. Paka mpira mpya oili kidogo, kaza kwa mkono. Jaza oili mpya, washa injini dakika moja, zima, subiri dakika 5, kisha pima kwa stiki ya oili gari likiwa sehemu tambarare. Usipitishe alama ya juu. Oili ikizidi hutoa povu.