Mikono inayopasuka kwa kunawa: tunavyoitunza sisi wa leba huku Njombe

Kazi yangu ni ukunga, na mkunga hana siku ya kupumzika kunawa. Nanawa kabla ya kumgusa mama, nanawa baada ya kumgusa, nanawa nikivua glovu, nanawa nikitoka kwa kichanga. Weka na baridi ya Njombe ya mwezi wa sita hadi wa nane, na ule upepo mkavu wa asubuhi, halafu ukirudi nyumbani vyombo na nguo za watoto vinakusubiri. Wengi wetu migongo ya mikono imepauka, vifundo vimechanika, na ukishika chumvi wakati wa kupika inachonyota mpaka unaita mama. Mama lishe wa stendi na akina dada wanaofua kwa kibarua wanaijua shida hii kuliko hata sisi.

Kunawa hatuachi, hilo tuliweke kando. Kinachobadilika ni maji, sabuni, namna ya kujikausha, na hasa muda wa kupaka mafuta. Watu wanahangaika sana na aina ya mafuta, wananunua chupa za bei mbaya, kisha wanapaka saa mbili baada ya kunawa wakati mkono umeshakauka kabisa. Hapo unapaka nini sasa?

Ngozi ya juu ina mafuta yake ya asili yanayozuia maji yaliyo ndani yasitoke. Sabuni inaondoa uchafu kwa sababu inaondoa mafuta, na haijui kutenganisha mafuta ya sufuria na mafuta ya mkono wako. Yakishaondoka, maji ya ndani yanatoka hewani, ngozi inakakamaa, na ukikunja vidole inachanika. Sabuni ikipenya kwenye ule mchaniko inawasha, unajikuna, unazidi kuchubuka. Mafuta unayopaka hayaleti maji, yanayafungia tu yaliyokuwepo. Basi yapake maji yakiwa bado yapo.

Kunawa kwenyewe

Tumia maji ya uvuguvugu au ya baridi ya kawaida. Najua huku kwetu kumwambia mtu anawe maji ya baridi saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba ni kumtukana, kwa hiyo nasema uvuguvugu. Maji ya moto yanayotoa mvuke yanayeyusha mafuta ya ngozi haraka zaidi, wala hayaui vijidudu kama watu wanavyodhani: moto ambao mkono unaweza kuuvumilia, vijidudu navyo vinauvumilia. Kinachoviondoa ni sabuni na kusugua. Kunawa kamili kwa sabuni ni sekunde 40 hadi 60, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, na huhitaji kusugua kwa nguvu kama unakwangua ukoko.

Sabuni ya unga na sabuni ya mche ziache kwenye nguo. Zina magadi mengi. pH yake (kipimo cha uchachu au umagadi, namba ikipanda magadi yanazidi) huwa kama 9 au 10, na ngozi yenyewe ipo karibu na 5. Kwa mikono tafuta sabuni ya kuogea isiyo na manukato makali, au ya maji iliyoandikwa kuwa ni ya mikono. Na jiki, jamani, jiki! Maji ya klorini ya asilimia 0.5 tunayotumia wodini ni ya vifaa na sakafu. Nimeona wafanya usafi wakitumbukiza mikono mitupu humo kila siku, halafu wanashangaa kucha zinavyobanduka. Vaa glovu nzito.

Suuza mpaka ule utelezi uishe, hasa chini ya pete. Sabuni inayobaki chini ya pete huleta kiduara chekundu kinachowasha ambacho wengi hudhani ni pete feki. Siku ya kufua, vua pete uiweke kabatini.

Kisha jikaushe kwa kugandamiza kitambaa laini, usifikiche, na usisahau katikati ya vidole. Hapa tuna tabia moja ya watu wa baridi: mtu ananawa, halafu moja kwa moja anainyoosha mikono juu ya jiko la mkaa kuota moto. Ile joto inakausha maji yote yaliyobaki juu ya ngozi. Kama unataka kuota moto, paka mafuta kwanza, kisha ota kwa mbali.

Kazini, pale ambapo mikono haionekani kuwa na uchafu wala damu, kitakasa mikono chenye spiriti na glisarini huumiza ngozi kidogo kuliko sabuni na maji. Watu hubisha hapa kwa sababu kinachonyota. Kinachonyota kwa kuwa ngozi imeshachanika. Si chenyewe kilichoichana. Jipake sekunde 20 hadi 30, kiache kikauke chenyewe. Usikitumie papo hapo baada ya kunawa kwa sabuni, ni kuiadhibu ngozi mara mbili bila faida. Mkono wenye damu, kinyesi au ute, hapo ni maji na sabuni.

Mafuta, na namna ya kuyapaka

Kwa pesa ya mwananchi wa kawaida hakuna kinachoyashinda mafuta ya mgando, yale meupe au ya njano yasiyo na manukato. Hayaingii ndani sana, yanakaa juu na kuziba, na ndicho tunachotaka. Mafuta ya nazi na ya alizeti yanasaidia, ila ni mepesi, itabidi urudie. Losheni ya maji maji inapendeza kwa mtu mwenye mikono mizima. Kwa iliyopasuka mara nyingi huchonyota na kukauka upesi.

Mimi hupaka hivi. Nimeshajikausha, lakini mkono bado una ubichi, unaubandika shavuni unausikia. Nachota mgando kiasi cha punje ya harage. Sianzii kiganjani kama wengi wafanyavyo, kwa sababu kiganja ndicho kinachokula mafuta yote na ndicho kisichopasuka sana. Naugusanisha mgongo wa mkono mmoja na wa mwingine, nasugua migongo kwa migongo, kisha vifundo, kisha katikati ya vidole, kisha lile bonde la kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Mwisho nazunguka kila kucha kwa dole gumba la mkono mwingine, pale ngozi inapopanda juu ya kucha. Kinachobaki ndicho napangusia viganja. Mkono haupaswi kuteleza. Ukiteleza umepaka mengi na utaanza kuyafuta kwenye kanga, kumbe umeyapoteza.

Wenzangu wa hospitali, tahadhari: mgando hudhoofisha mpira wa latex. Ukipaka halafu ukavaa glovu za latex papo hapo, zinaweza kutoboka ukiwa kazini. (Kwa sababu hiyo hiyo kwenye uzazi wa mpango tunawakataza watu kutumia mafuta kwenye kondomu, na bado wanatumia.) Wakati wa zamu tumieni krimu ya maji iliyoruhusiwa hapo kazini, mgando uwe wa mapumziko na wa nyumbani. Na glovu usizivae mkono ukiwa umelowa. Ubichi ukifungiwa humo na jasho, ngozi inalainika kupita kiasi na kuvimba.

Glisarini ni nzuri sana, tatizo ni kuipaka tupu. Ikiwa nzito na hewa ni kavu, huvuta maji kutoka kwenye ngozi yako yenyewe. Dondosha matone mawili matatu kwenye kiganja kilicholowa, changanya hapo hapo, paka, halafu weka mgando kidogo juu yake.

Usiku ndipo mikono inapopona

Mchana unapaka unanawa, unapaka unanawa. Usiku una saa sita au saba bila maji, zitumie. Kabla ya kulala loweka mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kama dakika tano, bila chumvi, bila ndimu, bila chochote. Gandamiza na kitambaa, paka mgando kwa wingi kuliko wa mchana, halafu vaa soksi safi za pamba mikononi. Mumeo atacheka. Acha acheke, asubuhi utamshika shavu. Kwa baridi ya huku soksi ni raha. Kama uko Dar es Salaam au Tanga na joto linakusumbua, zivae nusu saa ukiangalia taarifa ya habari, kisha uvue.

Ule ufa mrefu wa ncha ya kidole, unaouma kuliko ukubwa wake, ujaze mgando kisha ufunge kwa plasta usiku kucha. Kingo zikikaa na ubichi zinarudiana. Plasta ikilowa, ibadilishe.

Ukishika hivyo, kuchonyota kunapungua ndani ya siku chache. Ngozi kurudi sawasawa huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo usiache siku ile unapoona nafuu.

Ya kuacha

Ndimu inachoma mpasuko, na ukienda juani ikiwa bado mkononi inaunguza na kuacha madoa meusi. Dawa ya meno kwenye ufa, sijui ilianza wapi. Kusugua magamba kwa jiwe au chumvi, hapana. Parachichi la kuponda halitakudhuru, ila huku tunakolima parachichi mimi naona lipite mdomoni.

Kubwa kuliko yote ni zile krimu za duka la vipodozi ambazo muuzaji anasema zinaondoa kila kitu. Nyingi zina steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na mwasho), clobetasol au betamethasone. Siku za kwanza unaona maajabu. Ukiendelea bila usimamizi ngozi inakuwa nyembamba, na kama chini yake kulikuwa na fangasi, wanaendelea kuzaliana kimya kimya. Steroidi ina kazi yake, kwa muda maalumu, kwa maelekezo ya tabibu.

Kwa wanaoosha vyombo na kufua: glovu ndefu za mpira, zikaushwe kwa kugeuzwa ndani nje. Ukiweza, vaa za pamba ndani yake. Kusanya kazi za maji pamoja badala ya kuchovya mkono kila baada ya robo saa. Ukimenya vitunguu, nyanya na ndimu, hizo nazo huchokoza ngozi iliyochanika.

Nenda zahanati ukiona usaha, wekundu unaopanda mkononi, joto na maumivu yanayodunda, au ule uvimbe wa pembeni ya kucha tunaouita mdudu wa kidole. Nenda pia kama mkono mmoja tu ndio una magamba, maana huenda ni fangasi. Kama kuna malengelenge madogo yanayowasha sana. Kama una historia ya pumu ya ngozi. Au kama umefuata haya yote kwa wiki mbili tatu bila nafuu. Uliza kama wilaya yenu ina tabibu aliyesomea ngozi. Kile kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu miaka ya 1990. Siku ya kwenda usipake kitu asubuhi, na ubebe kwenye mfuko sabuni unayonawia, ya kufulia, krimu zote ulizojaribu hata zile za aibu, na glovu unazovaa.