Fundi wa mtaani: jinsi ya kujiandaa kurasimisha ujuzi wako VETA

Ujuzi ulioupata kazini, bila kupita chuo, VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania) huupima na anayefaulu hupewa cheti. Ushahidi wa kazi ulizofanya ndipo wengi wanapokwama.

Tuseme wewe ni mwashi. Picha ya nyumba iliyokamilika haisemi nani aliijenga. Piga picha ukiwa kazini: unasimamisha kona, unashusha timazi, unavuta kamba. Kwa kila picha andika tarehe, mahali na kazi uliyofanya. Barua ya mteja au mwajiri itaje kazi yenyewe, muda na namba ya simu. "Ni fundi mzuri" peke yake haimsaidii mpimaji.

Kisha zoea kueleza unachokifanya, maana mikono hodari huangushwa na maswali ya "kwa nini". Kwa nini tofali la kuchoma huloweshwa kwanza? Likiwa kavu hunyonya maji ya mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga), saruji ikakosa maji ya kushikia. Kona ya mraba unaihakikishaje? Pima mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili. Mshazari, yaani mstari unaounganisha ncha hizo mbili, lazima uwe mita 5.

Ukipungukiwa mahali, omba mafunzo ya kuziba pengo hilo tu. Kusoma kozi nzima ni kupoteza muda na ada.