Takataka hatari kwenye duka la bangi California: anza na vepu

Kama unafanya kazi kwenye duka la bangi hapa California, haya ya leseni yaliyofunguliwa tangu Januari 2018, jua kwamba kwenye takataka za dukani kinachotisha zaidi sio bangi yenyewe, ni vepu, yaani vile vifaa vya betri vya kuvutia mafuta ya bangi. Zile za kutumia mara moja zina betri ya lithiamu ndani, mteja akirudisha mbovu watu wanaitupa tu kwenye pipa la chini ya kaunta, lori la taka likija kuibana ile betri inapasuka na inawaka na mzigo wote, kuna watu kwenye lile lori jamani. (Na ndugu zangu wa grini kadi, sheria ya Marekani nzima bado haijairuhusu bangi, na tangu 2019 uhamiaji wamesema wazi kazi ya bangi inaweza kukuzuia kupata uraia, ongea na wakili kabla hujaanza.)

Sasa fanya hivi. Tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko, iwe ya betri na vepu tu. Betri inayotoka itoe, halafu ziba kwa selotepu pale katriji (kile kichupa cha mafuta) inapoingilia, moja moja usichoke, maana chuma kikigusa chuma humo ndani inapiga shoti. Ile isiyotoka usiibomoe na bisibisi, iache nzima. Bandika lebo kwamba ni taka za betri, andika na tarehe ya ile ya kwanza kuingia, sheria inakupa mwaka mmoja tu kukaa nazo. Iliyovimba au iliyopata moto iweke peke yake kwenye chombo chenye mchanga mkavu, mbali na maboksi, na ikianza kutoa moshi usiishike, toa watu nje upige 911.

Spiriti ya kusafishia vioo na mizani nayo usimwage kwenye sinki, wala usiiache wazi ikauke yenyewe, zote mbili ni kosa. Mvuke wake unashika moto hata kwenye ubaridi wa nyuzi 12 hivi za Selsiasi, kwa hiyo irudishe kwenye chupa yake, funga, weka lebo.

Bangi iliyoharibika ni rahisi, itoe kwenye pakiti, isage uchanganye na udongo au machicha ya kahawa mpaka isitambulike wala isitumike tena, ingiza uzito kwenye Metrc, ule mfumo wa jimbo wa kufuatilia bangi, pipa lipigwe kufuli, na makaratasi mtunze miaka 7. Katriji sio lazima uikamue mafuta, ilimradi yenyewe haitumiki tena.

Za hatari zinachukuliwa na kampuni yenye kibali cha taka hizo. Duka dogo lisilofikisha kilo 100 kwa mwezi, kaunti nyingi zinapokea kwa miadi na unalipia, piga simu kwanza uwaambie mna nini, usiende kimyakimya kama vile ni taka za nyumbani, na ukikabidhi dai risiti.