PUS1: kujua umbo lake, tishu zake na inakokaa ndani ya seli

PUS1 ni kimeng'enya kinachogeuza uridini, mojawapo ya herufi za tRNA (RNA inayobeba amino asidi za kujengea protini), kuwa pseudouridini. Kinaing'oa besi kwenye sukari, kinaizungusha, kisha kinaiunga tena kwa kaboni badala ya naitrojeni. Atomu ni zilezile. Ili kukifuatilia unahitaji kompyuta, intaneti na daftari tu.

Hatua ya 1: Hesabu amino asidi

Fungua UniProt, hifadhidata ya protini, tafuta Q9Y606, namba ya PUS1 ya binadamu. Itakuja protini ya amino asidi 427. Shuka hadi kwenye isofomu, yaani matoleo ya protini ileile, utakuta nyingine fupi ya 399. Jeni ni moja, iko kromosomu ya 12, lakini protini ni mbili: ile fupi inakosa amino asidi 28 za mwanzoni. Iandike hiyo 28 daftarini kabla hujaendelea.

Mimi sikuiandika. Ripoti ya 2004 iliyohusisha jeni hii na MLASA, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli na kuleta upungufu wa damu, inataja ajinini ya 116 iliyogeuka triptofani. Nikachukua mfuatano mrefu, nikatia alama kwenye nafasi ya 116, nikashinda mchana kutwa nikilitolea maelezo eneo lisilohusika kabisa. Mwenzangu akachungulia, akauliza: "Umeanza kuhesabu wapi?" Ripoti ilihesabu kwa protini fupi. 116 ongeza 28 ni 144, kwa hiyo R116W na R144W ni badiliko lilelile.

Hatua ya 2: Umbo

Kwenye PDB, hifadhidata ya maumbo ya protini, utapata umbo la kikoa cha kichocheo (sehemu ya protini inayofanya kazi yenyewe), lililochapishwa 2013. Lilinganishe na TruA, kimeng'enya ndugu yake cha bakteria: PUS1 ina kipande cha ziada cha helisi kinachoizuia tRNA isikae kwa mkao ule wa TruA. Ukitaka protini nzima, nenda AlphaFold, ambako maumbo hubashiriwa kwa kompyuta. Rangi ya machungwa maana yake alama ya uhakika wa ubashiri iko chini ya 50. Usijenge hoja juu ya sehemu hiyo, hata ikionekana nzuri vipi.

Hatua ya 3: Tishu

Linganisha GTEx na Human Protein Atlas, hifadhidata mbili zinazoonyesha jeni inafanya kazi kwenye tishu zipi. Jeni hii inafanya kazi karibu kila mahali mwilini, na hapo ndipo wengi huteleza, kwani MLASA hushambulia zaidi misuli na damu. Wingi wa RNA peke yake haukuambii ni tishu gani itakayoumia. Tena, GTEx haina sampuli za uboho wa watu wenye afya, ilhali upungufu huu wa damu huanzia kwenye seli changa za ubohoni, ambako chuma hurundikana ndani ya mitokondria. Safu ya "damu" pale ni damu ya kawaida ya mshipani. Kwa uboho, tumia Atlas.

Hatua ya 4: Mahali ndani ya seli

Protini ndefu huenda kwenye mitokondria, fupi hukaa kwenye kiini. Bandika mifuatano yote miwili kwenye TargetP, programu inayobashiri protini itaelekea wapi ndani ya seli, mmoja mmoja, uone zile 28 zinavyobadilisha jibu.

Picha za kingamwili (molekuli inayoshika protini ili ionekane kwa darubini) zisome kwa tahadhari. Kingamwili inayoshika sehemu ya pamoja huziona protini zote mbili, haiwezi kukutenganishia. Na ukiamua kuivisha PUS1 GFP mwenyewe, yaani protini inayong'aa kijani, iweke mkiani. Ukiiweka mwanzoni unaziba zile 28 zilizo anwani ya mitokondria, halafu utaripoti kwamba protini ndefu haifiki huko.