Umetumwa kupima EEG kwa sababu ya sonona au wasiwasi? Jiandae hivi

Kazi yangu ni kubandika elektrodi, visahani vidogo vya chuma, vichwani mwa watu kwa ajili ya EEG, kipimo kinachorekodi umeme wa ubongo, na swali ninaloulizwa sana ni hili: "Itaonekana?" Muulizaji anamaanisha sonona, au wasiwasi unaomnyima usingizi. Kipimo hiki peke yake hakitambui sonona wala wasiwasi. Mara nyingi daktari anataka kujua kama nyuma ya dalili zako kuna kifafa au shida nyingine ya ubongo. Hakiumi, na hakiingizi umeme kichwani, kinasikiliza tu.

Usiku wa kuamkia kipimo, osha nywele na usipake mafuta. Kama umesukia nywele bandia, zifumue, maana elektrodi 21 lazima ziguse ngozi. Kula kama kawaida, ila kahawa iache. Dawa usiache hata moja bila daktari kukwambia. Ziandike zote kwenye karatasi unipe. Kama unatumia diazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi, nitajie hiyo kwanza. Huongeza mawimbi ya ubongo yaitwayo beta, yale ya kasi, 13 hadi 30 kwa sekunde, na asiyejua kwamba umeimeza anaweza kuyasoma vibaya.

Ukishakaa, legeza taya. Hapo nasisitiza. Mama mmoja alikaa kimya kabisa, mikono mapajani, lakini kwenye skrini mistari ya elektrodi za juu ya masikio ilikuwa minene, imejaa kama iliyochorwa kwa mkaa. Nikamtazama usoni: ameuma meno. "Mama, achia meno, acha mdomo wazi kidogo." Akashusha pumzi. Mistari ikakonda, na kisogoni yakajitokeza mawimbi ya alfa, 8 hadi 13 kwa sekunde, yamepangana vizuri. Mwenye wasiwasi hukaza taya na paji la uso bila kujijua, na umeme wa misuli hiyo hufunika ule mdogo wa ubongo.

Nitakwambia ufumbe macho, kisha ufumbue. Ukifumbua, alfa hufifia, ndivyo inavyotakiwa. Mtu wa kwanza kurekodi mawimbi haya kwa binadamu, mwaka 1924, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, Hans Berger wa Jena, Ujerumani.

Majibu yakitoka, huenda ukasoma mtandaoni kwamba mwenye sonona ana alfa nyingi zaidi mbele ya kichwa upande wa kushoto. Jambo hilo limechunguzwa tangu miaka ya 1980 na matokeo yanapingana. Kwa hiyo usimlipe mtu anayekuonyesha picha ya ubongo yenye rangi akakwambia ndiyo sonona yako. Na EEG ikiwa ya kawaida, usikubali kuambiwa unajifanya mgonjwa. Watu wengi wenye sonona nzito wana EEG ya kawaida.

Rudi kwa daktari uombe dodoso la PHQ-9 kwa sonona, maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, na GAD-7 kwa wasiwasi. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, lijibu kweli. Kama mawazo hayo unayo leo, usisubiri EEG wala majibu yake: mwambie aliye karibu nawe akupeleke hospitali sasa hivi.