Safari ya Kikazi Theluji Inapofunga Uwanja na Benki Zinapoyumba

Februari 2, 2009, London iliamkia theluji nzito kuliko iliyoonekana kwa miaka 18. Mabasi ya jiji yakaondolewa barabarani na ndege zikakwama Heathrow, miezi minne tu baada ya serikali kuingia kuokoa benki kubwa. Mwishoni mwa Novemba 2010 ikawa zamu ya Ireland: theluji ilianza kuanguka siku zile zile nchi ikijadili mkopo wa dharura. Basi majanga haya mawili hayapangi foleni. Na wewe unayesafiri kikazi kwa pasipoti ya Afrika Mashariki yanakubana kwa namna ambayo mwenzako wa ofisini haijui.

Ndege ikifutwa, kaunta hukutafutia njia nyingine haraka haraka. Mwenzako atakubali yoyote. Wewe uliza kwanza: inapitia wapi? Marekani hakuna kupita bila viza, hata kama unabadilisha ndege tu. Uingereza huwataka Wakenya, Watanzania na Waganda wawe na viza ya kupitia hata wasipotoka ndani ya uwanja, isipokuwa wenye baadhi ya viza na vibali vya ukaazi vya nchi nyingine. Njia usiyo na karatasi zake ikatae kwa upole, uombe nyingine. Usiichukue ukidhani mambo yatajipa mbele ya safari.

Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ikikaribia kuisha ukiwa umekwama, usikae kimya. Kifungu cha 33 cha Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya kinaruhusu kuongezewa siku bila malipo kwa sababu iliyo nje ya uwezo wako. Lakini nenda kwa mamlaka husika kabla tarehe haijapita, ukiwa na barua ya shirika la ndege inayothibitisha kwamba safari ilifutwa. Barua hiyo iombe pale pale kaunta, maana kuipata baadaye ni kazi.

Kuhusu haki zako: kwa ndege inayoondoka nchi ya Umoja wa Ulaya, Kanuni 261 ya mwaka 2004 inalibana shirika likulishe na likulaze hotelini hadi usafiri upatikane. Dhoruba hulisamehe fidia ya pesa tu. Marekani sheria hailazimishi hoteli kwa ajili ya hali ya hewa, ila ndege ikifutwa nawe ukaamua kutosafiri, unarudishiwa nauli hata kama tiketi yako ni ya zile zisizorejeshwa. Utashawishiwa uchukue vocha badala ya pesa. Wakati wa mtikisiko wa kifedha, mimi singeigusa. Shirika la ndege la XL Airways la Uingereza lilianguka Septemba 12, 2008, siku tatu kabla ya benki ya Marekani ya Lehman Brothers, na vocha ya shirika lililofilisika ni karatasi tu.

Pesa sasa. Cyprus, Machi 2013, benki zilifungwa karibu wiki mbili. Ugiriki, mwaka 2015, wenye akaunti za huko waliwekewa kikomo cha kutoa euro 60 kwa siku. Kadi za nje hazikuguswa na kikomo hicho, lakini mashine zenyewe za kutolea pesa ziliishiwa noti. Bima ya amana ya Umoja wa Ulaya inalinda hadi euro 100,000 kwa kila mteja katika benki moja, ila kulindwa si sawa na kuzishika mkononi usiku huo. Kwa hiyo beba kadi mbili za benki mbili tofauti, ikiwezekana za nchi mbili, pamoja na noti za kukutosha siku tatu. Na kama una pesa za kutuma nyumbani mwezi huo, zitume kabla hujaondoka.

Ukilazimika kuendesha gari na likakwama, usiliache kwenda kutafuta msaada. Fukua theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kuwasha injini. Kaboni monoksaidi haina harufu na huua watu wakiwa wamelala. Dakika kumi za injini kila saa zinatosha kupasha joto, dirisha likiwa wazi kidogo.

Kabla ya yote, mwajiri akuandikie nani atalipia siku za ziada. Risiti zipige picha siku hiyo hiyo, kwa sababu maandishi ya zile karatasi za mashine hufifia kabla idara ya fedha haijajibu barua pepe yako.