SOMO: Kulima vanila kimyakimya chini ya miti, toka rando mpaka kukausha

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Wiki nzima napigiwa simu na watu wanataka niwaelekeze vanila, nimechoka kurudia maneno yaleyale so nayaweka hapa mara moja, mwenye swali aulize chini. Mwenzenu niko Kagera upande wa Muleba, nina mashina kama mia tatu ndani ya kibanja alichoacha marehemu mzee, humohumo kwenye migomba na mibuni, na kuna jirani mpaka leo anajua nimetelekeza shamba limegeuka pori. Nimemwacha aamini hivyohivyo. Vanila ni zao la kujificha, kwanza lenyewe linapenda kivuli, pili ukililima kwa matangazo wezi wanavuna kabla yako.

Kabla sijaanza, wale mliosikia kilo moja ni milioni mkapige kwanza hesabu upya. Madagascar ambako ndo inatoka vanila nyingi duniani bei ilipanda hadi zaidi ya dola 600 kwa kilo miaka ya 2017 na 2018, tena hiyo ni ya iliyokaushwa vizuri, afu ikaja ikaporomoka vibaya. Hili zao linapanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. Lima ila usiuze ng'ombe.

HATUA YA KWANZA, MITI. Watu wanakimbilia kununua marando wakati hawana cha kupandishia. Vanila ni okidi inayotambaa, inataka mti wa kushikilia, na mti uwe umetangulia miezi sita au zaidi. Mi natumia glirisidia na mbono kaburi kwa sababu zote ukichomeka kijiti kinaota, na mbono mbuzi hagusi. Mti na mti mita moja na nusu mpaka mbili, mstari na mstari mita mbili na nusu. Kivuli kiwe nusu kwa nusu, yaani ukisimama chini saa sita mchana uone madoa ya jua ardhini, sio giza na sio jua kali. Mti uukate kichwa ubaki na panda, yaani pale matawi yanapogawanyika, kwenye usawa wa kifua, hiyo panda utaiona kazi yake mbele.

HATUA YA PILI, RANDO. Kata rando lenye urefu wa mita moja hadi moja na nusu, toka kwenye shina lenye afya ambalo halijawahi kubeba. Usilipande siku hiyo! Liweke kivulini siku saba mpaka kumi linyauke kidogo na kidonda kikauke, ukipanda mbichi linaoza. Toa majani matatu ya chini, laza hizo pingili tatu juu ya udongo afu funika na majani makavu, ila ile ncha iliyokatwa iache nje kidogo ipate hewa. Hapa ndo wengi wanaua, wanachimba shimo kama wanapanda mhogo. Mizizi ya vanila inatambaa juujuu kwenye majani yaliyooza, haitaki shimo na jembe lisipite hapo kabisa, magugu yang'olewe kwa mkono. Lililobaki lifunge kwenye mti kwa kamba ya mgomba, legevu.

HATUA YA TATU, KUKUNJA. Rando likiachwa litapanda mpaka juu kabisa ya mti na halitatoa ua hata moja unaloweza kulifikia. Likipita ile panda literemshe lining'inie upande wa pili, likikaribia chini lifunike kidogo na majani lishike mizizi mipya, afu lipandishe tena. Kila kona ya mkunjo ndipo maua yanapopenda kutokea. Mwaka wa pili na wa tatu kazi yako ni hiyo, kukunja na kuongeza majani chini, hamna lingine. Kuelekea kiangazi kata ncha za marando yanayoning'inia na upunguze matawi ya kivuli kidogo, mmea ukiona shida ya maji wiki kadhaa unashtuka unatoa maua.

HATUA YA NNE, MAUA. Hapa wakuu mtulie, maana hapa ndo shamba lenyewe, kwingine kote ni maandalizi. Ua la vanila linafunguka alfajiri na mchana limeshafunga, siku moja tu. Rangi yake kijani mpauko kama inaelekea njano, na ndani lina kama tarumbeta. Kwao Mexico kuna nyuki wadogo wanaolichavusha, huku kwetu hawapo, so unachavusha mwenyewe ua moja moja.

Mama mkubwa ndo fundi wangu. Anakaa kwenye kigoda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, khanga imefungwa kiunoni, ana mwiba wa mlimao aliousugua ncha isiwe kali. Anashika ua kwa mkono wa kushoto, anachana ile tarumbeta kwa chini na mwiba, ndani kinaonekana kijiti kimoja, juu kuna chavua ya njano kama unga uliogandana na chini yake kuna sehemu ya kike, katikati kuna kijiutando kama kope kinazitenganisha. Anakinyanyua hicho kikope kwa mwiba, afu kwa kidole gumba anaisukuma chavua ishuke ikandamizike kwenye ile sehemu ya kike. Basi. Mimi ua moja lilikua linanichukua dakika, yeye anamaliza kabla hujapiga chafya, na anapiga stori za msiba wa juzi wakati huohuo. Mtu aliyezoea anafikisha maua elfu moja asubuhi moja.

Kichala kimoja kinaweza kuwa na maua 15 hadi 20 ila yanafunguka kidogokidogo, moja au mawili kwa siku. Chavusha nane mpaka kumi, uchague yale yanayoangalia chini ili maganda, ambayo ndo vanila yenyewe unayouza, yanyooke, mengine achana nayo. Tamaa ukichavusha yote unapata maganda kama njiti za kiberiti na mmea unachoka mwaka unaofuata haukupi kitu. Kesho yake pita uangalie, ua likinyauka likabaki limeng'ang'ania limeshika, likidondoka ulikosea. Msimu wa maua hakuna kusafiri, hakuna harusi, mi nilikosa send-off ya binamu yangu mpaka leo hatuongei vizuri.

HATUA YA TANO, KUSUBIRI. Miezi tisa kama mimba. Ganda linafika urefu wake mapema tu, wiki sita au nane, ndo maana linadanganya watu, unaliona limejaa unadhani limekomaa kumbe ndani hamna kitu. Linakomaa pale ncha ya chini inapoanza kugeuka njano, na hayakomai siku moja kwa hiyo unavuna kwa kupitia kila siku mbili tatu.

Nikiri hapa. Msimu wangu wa kwanza jirani wa bondeni aliibiwa zote usiku mmoja, nikaingiwa na hofu nikavuna za kwangu zikiwa na miezi saba. Mnunuzi akaja, akalivunja ganda moja akalinusa, akanitazama, akasema hii ni maharage. Akanipa bei ya maharage kweli. Kilo kumi na nne za miezi saba ya kulala na tochi zikaishia kwenye mabati matatu ya jiko. Mwizi hakuniibia chochote mwaka ule, nilijiibia mwenyewe.

HATUA YA SITA, KUKAUSHA. Ganda bichi halinukii, harufu inatengenezwa. Pasha maji mpaka nyuzijoto 63 hadi 65, nunua kipimajoto usipime kwa kidole, tumbukiza maganda kwenye kikapu dakika tatu. Toa, yafunge kwenye blanketi zito yakiwa yamoto, weka kwenye sanduku la mbao siku mbili, yakitoka yamekua rangi ya chokoleti. Baada ya hapo kila siku anika juani saa mbili tatu hivi juu ya kitambaa cheusi, afu yarudishe kwenye blanketi yatoke jasho, fanya hivyo wiki moja hadi mbili. Halafu kichanja ndani ya nyumba, kivulini penye hewa, miezi miwili mitatu, huku unayapitia na kuyanyoosha kwa vidole. Yakiweza kuzungushwa kidoleni bila kuvunjika, yafungie kwenye boksi miezi mingine miwili au zaidi. Kilo tano au sita mbichi zinakupa moja kavu.

MASWALI YENU

Mdau wa Moshi: Mkuu mi nina migomba tu, siwezi kupandisha kwenye mgomba?

Hapana kaka. Mgomba ukishazaa unakatwa, na upepo ukija unaanguka na rando lako. Uache uwe wa kivuli, na vanila ikae mita moja na nusu mbali nao kwa sababu mizizi yao yote iko juujuu itagombana.

Mdada wa Kigoma: Huyo aliyegundua hiyo ya kuchavusha na mwiba ni nani? Naona kama uchawi.

Dada yangu alikua mtoto wa miaka 12, mtumwa, anaitwa Edmond Albius, kisiwa cha Réunion mwaka 1841. Wasomi wa Ulaya walikua na hiyo mimea miaka mingi na hakuna aliyepata njia rahisi, dogo akaona kile kikope akakinyanyua. Utajiri wote wa vanila wa Madagascar na visiwa vya huko umetoka kwenye kidole gumba chake, yeye mwenyewe alikufa maskini.

Mdau wa Muheza: Huku kwetu msitu upo mkubwa tu, si nipenyeze marando humo ndani hata hakuna atakayejua?

Usifanye hivyo mkuu, kama ni hifadhi TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, wakikukuta ni kesi, na mti sio wako. Wewe wa huko unajua zaidi yangu habari ya iliki, watu wa Derema kule Usambara walikua nazo chini ya miti miaka na miaka, eneo lilipochukuliwa kuwa hifadhi wakatoka kwa fidia, na kelele za hiyo fidia mnazijua. Vanila inakaa zaidi ya miaka kumi, ipande pale ambapo hutafukuzwa. Ukitaka msitu, utengeneze nyuma ya nyumba yako, miaka mitatu tu unakua.

Mdau wa Bukoba mjini: Wezi unawadhibiti vipi? Mi nimeshawaza mbwa.

Mbwa anapewa nyama anatulia. Mi nafanya mambo matatu. Mstari wa kando ya njia sina vanila, nina kahawa na mihogo, mpita njia haoni kitu. La pili nimeiga Madagascar, unachomeka pini kwenye kizibo kwa mpangilio wako, unapiga muhuri ganda likiwa bado bichi, hilo kovu halifutiki hata likikauka, na wanunuzi wa huku washaambiwa alama yangu. La tatu, sisi majirani sita tumekubaliana kutouza kabla ya tarehe fulani, anayeonekana na vanila mapema anajieleza. Waganda wao serikali inatangaza kabisa tarehe ya kuanza kuvuna, na mi naona wapo sahihi.

Mdau wa Kyela: Marando yangu yanageuka njano toka chini, mizizi imekua ya kahawia inaoza. Dawa gani?

Pole sana. Hiyo ni fuzari, ugonjwa wa fangasi, na ukishaingia kwenye mizizi hakuna dawa ya kuuponya. Kata sehemu ya juu iliyo nzima ukapande mbali kabisa, ya chini choma, hapo hapo usirudishie. Kyela maji yanatuama, inua matuta.

Mdau wa Moshi tena: Asante mkuu. Basi niuzie marando hamsini niyafuate wiki ijayo.

Wiki ijayo siuzi hata moja, vichala ndo vinaanza kuchomoza na nikikata sasa hivi nakata maua. Njoo maua yakiisha, uje na magunia ya katani usije na mifuko ya plastiki, kuna mtu marando yake yalipikika humo kwa joto la basi.